Hesabu ya Tundu

Kiswahili kina neno moja linalobeba mizigo mitatu. Risasi ni ile metali nzito ya kijivu ambayo mvuvi huifunga kwenye wavu ili uzame. Risasi ni kile kitu kizima kinachoingizwa kwenye silaha: ganda, fataki, baruti na kichwa chake. Tena risasi ni kile kichwa peke yake, kinachotoka mtutuni kikaenda zake. Neno lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako lilianza kama jina la metali, na kulirundikia kazi zote hizo hakukuwa kosa: kwa karne kadhaa kilichoruka kutoka kwenye bunduki kilikuwa kweli kipande cha metali hiyo.

Nililifikiria neno hilo Novemba moja, jikoni kwa dada yangu huko Columbus, Ohio. Shemeji yangu, mtu wa Uvira ambaye sasa ni raia wa Marekani, aliweka mezani maboksi mawili madogo, kati ya birika la chai na sahani ya maandazi. Wiki ya bunduki, ile ambayo Ohio huruhusu kuwinda ayala kwa silaha za moto, ilikuwa inaanza Jumatatu. Alikwisha kufanya kozi ya usalama ambayo jimbo humtaka kila mwindaji mpya aipitie. Jirani yake, mzee mstaafu anayewinda kwa bastola tu kwa kuwa bunduki ndefu anaiona imemrahisishia mno, alikuwa amekubali kumpeleka kwenye shamba lake.

"Mwalimu," akaniambia, maana nafundisha fizikia na hanisamehe kwa hilo, "haya yote mawili yameandikwa .44 Magnum. Uzito mmoja, kasi moja, nguvu moja. Bei ndiyo tofauti. Nichukue lipi?"

Nilitaka kumjibu pale pale. Nikagundua kwamba jibu linahitaji kwanza tukubaliane ayala hufa kwa nini.

Neno juu ya mnyama mwenyewe. Ninasema ayala, kama wasemavyo wasomaji wa Zaburi, kwa sababu kulungu wa kwetu ni mnyama wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa ng'ombe na swala. Ayala mkia-mweupe wa Amerika ana pembe zenye matawi ambazo hudondoka kila mwaka zikaota upya, na jike kwa kawaida hana. Mkubwa wa kawaida ana kilo 60 hadi 100 na zaidi kidogo. Kifua chake, ukimtazama kwa mbele, kina upana wa sentimita 30 na ushei. Kipimo hicho cha kifua kiweke akilini.

Mnyama huyo hafi kwa kusukumwa. Filamu zimetufundisha kwamba mtu akipigwa risasi hurushwa nyuma akavunja dirisha. Tufanye hesabu. Boksi linasema risasi ina uzito wa greni 240. Greni ni kipimo cha zamani cha Waingereza kilichotokana na punje ya nafaka, na punje 240 hizo ni gramu 15.6, karibu vijiko vinne vya chai vya sukari. Kasi yake ni futi 1,310 kwa sekunde, yaani kama mita 400. Zidisha uzito kwa kasi upate kile wanafizikia wanachokiita momenta: kilo 0.0156 mara 400 ni 6.2. Sasa ipe momenta hiyo yote ayala wa kilo 70. Atasogea kwa sentimita 9 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kobe. Tena kwa kanuni ya Newton mikono ya mpigaji imepokea msukumo usiopungua huo, na yeye hakurushwa popote.

Basi hafi kwa kusukumwa. Hufa kwa sababu ubongo umekosa oksijeni, na ubongo hukosa oksijeni kwa sababu damu imeacha kufika. Ayala wa kilo 70 ana damu ya lita 5 hivi. Toboa mapafu na mishipa mikubwa iliyo juu ya moyo, damu imwagike, shinikizo lishuke, taa izime. Risasi ikigonga ubongo au uti wa mgongo taa huzima papo hapo, lakini shabaha hiyo ni ndogo, inatikisika, na mwindaji mwenye adabu haijaribu kwa bastola. Kinachobaki ni kifua. Na hata moyo ukipasuka kabisa, oksijeni iliyokwisha kufika kichwani humtosha mnyama kwa sekunde 10 hadi 15. Ayala akikimbia hufikia kilomita 50 kwa saa, mita 14 kwa sekunde. Piga hesabu uone kwa nini mnyama aliyepigwa vizuri hukutwa mita 100 kutoka aliposimama.

Shemeji akasema, "Lakini nguvu? Boksi linasema jouli 1,240."

Ndiyo, linasema. Kinachokwenda kasi kina nishati ambayo ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi tena, na ukipiga hesabu hiyo unapata jouli 1,240 kwa ukaribu. Ni nishati ya kuinua mfuko wa saruji wa kilo 50 hadi mita mbili na nusu. Si haba. Ila nikamwuliza: mshale je? Wako wengi Ohio wanaowinda ayala huyo huyo kwa upinde. Mshale wao una gramu 26 hivi na huruka mita 80 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 83. Risasi ndogo ya .22, ya kuwindia sungura, ina zaidi ya jouli 130. Hata hivyo mshale hupita kifua cha ayala ukatokea upande wa pili na mnyama akaanguka ndani ya nusu dakika. (Mhadzabe wa Ziwa Eyasi simwingizi hapa, kwa kuwa mshale wake wa wanyama wakubwa una sumu na hesabu yake ni ya kemia.) Mshale wa Ohio hauna sumu. Una chembe yenye makali matatu au manne inayokata njia pana, na una uzito na urefu wa kuifikisha njia hiyo mpaka mwisho.

Kwa hiyo swali la jouli ngapi lilikuwa swali baya tangu mwanzo. Swali zuri ni hili: tundu litakuwa pana kiasi gani, na litafika wapi?

Hapa mwenye bunduki ndefu atanung'unika, na ana haki kidogo. Bunduki ya .30-06 hupiga risasi ya gramu 9.7 kwa mita 880 kwa sekunde. Momenta yake inazidi ile ya .44 yetu kwa theluthi moja tu na zaidi kidogo, lakini nishati ni mara tatu, jouli 3,750. Katika kasi hiyo nyama inayotupwa pembeni na risasi inayopita hutanuka kwa nguvu kuliko inavyoweza kuhimili, ikachanika mbali na njia ya risasi yenyewe. Bastola haifanyi hivyo. Daktari mpasuaji wa jeshi la Marekani, Martin Fackler, alilionyesha jambo hili katika maabara yake huko San Francisco miaka ya 1980. Alipiga risasi za kila namna kwenye madonge makubwa ya jelatini ya asilimia 10, iliyopozwa hadi nyuzi 4, akayakata na kupima. Aliona matundu mawili: la muda, ambalo hufumuka risasi inapopita kisha likajirudi, na la kudumu, ambalo risasi imelisaga kwa mwili wake. Kwa kasi ya bastola, misuli na mapafu hunyumbuka kama mpira na kurudi mahali pake. Maini ndiyo hupasuka, kwa kuwa hayanyumbuki. Mwenye bastola hubaki na tundu la kudumu tu. Ayala hafi kwa kingine.

Sasa tundu lenyewe. Hapa ningeomba subira, kwa sababu ndipo penye utamu.

Gari likienda kasi mara mbili huhitaji umbali mara nne ili lisimame, kila dereva wa Chalinze anajua hata kama hajawahi kuiandika. Ni kwa sababu breki huvuta kwa nguvu ileile, iwe gari lina kasi au halina. Majimaji hayako hivyo. Ingia baharini mpaka kiunoni ujaribu kukimbia: kadiri unavyoharakisha ndivyo maji yanavyokukatalia, na kukataa kwake hukua kwa kasi mara kasi. Mwili wa mnyama, kwa risasi, ni karibu sana na maji. Basi risasi ndani ya nyama hukutana na breki inayokaba zaidi inapokuwa na haraka na kulegea inapopoa. Ukiifuata hesabu hiyo hadi mwisho unapata jambo la ajabu: risasi hupoteza nusu ya kasi yake kila baada ya umbali uleule. Umbali huo, tuuite hatua ya nusu, hautegemei kasi iliyoanza nayo. Unategemea vitu viwili tu: uzito wa risasi ukigawanywa kwa eneo la uso wake, na umbo la pua yake.

Nikaomba bahasha ya bili ya umeme nikaandika nyuma yake. Risasi ya .44 ina kipenyo cha milimita 10.9. Ikibaki na umbo lake, kila sentimita ya mraba ya uso wake inasukumwa kwa nyuma na gramu 16.7. Hatua ya nusu, kwa makadirio yangu, ni kama sentimita 27. Inaingia na mita 400 kwa sekunde. Baada ya sentimita 27 ina 200. Baada ya 54 bado ina 100.

Sasa tuseme ni risasi ya kufunguka. Ikigusa mnyama pua yake hujikunja nyuma kama mwavuli kwenye upepo, na kipenyo kinakuwa milimita 18. Eneo la uso limekua karibu mara tatu, na uzito ni uleule, kwa hiyo kila sentimita ya mraba sasa ina gramu 6 tu nyuma yake. Hatua ya nusu inashuka hadi sentimita 8. Mita 400, kisha 200, kisha 100, kisha 50, na hapo ni sentimita 24 tu ndani. Kwa mita 50 kwa sekunde hata ngozi ya upande wa pili inaweza kuizuia, kwa kuwa ngozi ni ngumu na inavutika.

Tundu ni pana, ndiyo. Ila ni fupi.

Na ukitaka kuirefusha njia hiyo kwa kuongeza kasi, ona kinachokupata. Ongeza kasi mara mbili, kitu ambacho bastola ya .44 haikiwezi, na umepata hatua moja tu ya ziada: sentimita 8. Uzito ndio unaolipa. Risasi ya .44 yenye gramu 19 na ushei badala ya 15.6, kipenyo kilekile, hurefusha kila hatua kwa robo. Ndiyo maana wawindaji wa bastola hubishana juu ya uzito na umbo, wakati wenye bunduki ndefu hubishana juu ya kasi.

Nilipaswa kujisahihisha, na nilijisahihisha mbele ya shemeji, kwani hakuacha kunitazama kwa jicho la mwanafunzi aliyemkamata mwalimu. Kifua si ndoo ya maji. Mapafu ni sifongo iliyojaa hewa, mepesi mara tatu na zaidi kuliko misuli, na risasi ikiyapita hatua ya nusu hurefuka kwa kiasi hichohicho. Ayala akisimama ubavu mtupu, risasi ikipenya kati ya mbavu, hata mwavuli ulio wazi unaweza kutokea ng'ambo. Shida ni kwamba ayala hajui kwamba anatakiwa kusimama ubavu. Akigeuka nusu, njia ya kufika mapafuni hupitia mfupa wa bega na misuli minene, na urefu wake hufika sentimita 50 au 60.

Jioni hiyo mzee jirani alikuja na kopo la jamu. Ndani yake kulikuwa na risasi alizozitoa kwenye wanyama kwa miaka mingi. Alizimwaga kwenye kitambaa cha meza, dada akakunja uso. Nikazipima moja moja kwenye mizani yake ya unga. Moja ilikuwa na gramu 15.1 na imefunguka vizuri sana, petali zimejipinda nyuma sawasawa kama ua la mlangilangi. Ilikutwa chini ya ngozi ya upande wa pili. Nyingine ilikuwa bapa kama sarafu iliyopitiwa na treni. Gramu 9. Hiyo, mzee alisema, ilisimama begani. Mnyama aliondoka kwa miguu mitatu na wakamfuata kwa tochi hadi usiku wa manane, wakampata asubuhi akiwa bado hai. Hakutaka kuendelea na habari hiyo.

Shemeji akaishika ile nzuri. "Hii ndiyo bora?"

"Hizo ndizo zilizobaki ndani," mzee akajibu. Kisha akaniambia kwamba kwa miaka kadhaa sasa anatumia risasi za kusubu, ngumu, zenye pua bapa, na kwenye kopo hilo hamna hata moja. Zote ziko ardhini, kwenye kilima nyuma ya shamba lake.

Nimefundisha takwimu kwa miaka na sijapata mfano mzuri kuliko kopo hilo. Kila anayelitazama anaona risasi zinazopendeza na kudhani anaona risasi zinazofanya kazi. Matangazo ya risasi hufanya vilevile: hupiga picha ya mwavuli uliofunguka. Risasi iliyopita moja kwa moja haipigwi picha.

Kwa nini pua bapa? Muulize seremala. Akitaka kupigilia msumari karibu na mwisho wa ubao mkavu, huugeuza kwanza akaugonga ncha kwa nyundo iwe butu. Ncha kali hupenyeza nyuzi za mti, ikazitenga, ubao ukapasuka. Ncha butu huzivunja nyuzi na kujitobolea nafasi. Nyama nayo ina nyuzi. Risasi yenye pua ya mviringo huzitelezesha pembeni, na ikishapita nyuzi hurudi na tundu hujifunga. Pua bapa hugonga uso kwa uso, ikazivunja, na kuzitupa pembeni mbali na mabega ya risasi. Tundu lake ni pana kuliko unavyotarajia kwa risasi ambayo haikufunguka hata kidogo.

Aliyeifanya elimu hii kuwa maarufu ni mfugaji wa Idaho, Elmer Keith, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufariki 1984, mwandishi mwenye kofia kubwa na maoni makubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichora risasi ya .44 yenye pua bapa na bega kali, uzito wa greni 250, na kwa miongo miwili na zaidi hakuacha kuwasumbua watengenezaji waipe baruti ya kutosha. Mwaka 1955 Smith & Wesson na Remington walitoa .44 Magnum. Kabla ya hapo, 1935, ilikuwa imetoka .357 Magnum, ambayo ni nyembamba na ina kiasi cha jouli 720. Kwa ayala inatosha ukiwa karibu na ukichagua risasi nzito, na leo ndiyo kipenyo kidogo kabisa ambacho sheria ya Ohio inakikubali kwa bastola ya ayala, pamoja na mtutu usiopungua inchi 5.

Turudi kwenye maboksi mawili. Boksi la kwanza, la bei kubwa, lilikuwa na risasi zenye kishimo puani, na picha ya boksi ilionyesha mlango wa nyumba usiku. Yaani za kujilinda. Tuangalie kishimo hicho kinafanya nini, kwani hakifanyi uchawi. Risasi ikiingia mwilini kwa mita 400 kwa sekunde, majimaji yaliyo mbele yake hayana pa kukimbilia, hujazana kwenye kishimo na kukitanua kutoka ndani. Kanieneo yake ni nusu ya densiti mara kasi mara kasi: kwa kasi hiyo ni kama mara 800 ya kanieneo ya hewa tunayovuta, zaidi ya mara 300 ya upepo wa tairi la gari. Metali ya risasi ni laini, ukucha huikwaruza. Inasalimu amri.

Lakini kwa mita 200 kwa sekunde kanieneo ni robo ya ile. Mtengenezaji wa risasi za kujilinda anajua kwamba bastola nyingi si za .44, ni fupi na za kasi ndogo, na hataki risasi ipite mtu ikampige wa nyuma. Kipimo kinachotumiwa na FBI ni jelatini ya sentimita 30 hadi 46: isipungue, isizidi. Basi hulainisha pua na kuchonga mikato ili ifunguke mapema. Ichukue risasi hiyo sasa, uitie kwenye bastola ya mtutu mrefu, uipige kwenye mfupa wa bega la ayala. Inafunguka kabla haijafika popote. Ndiyo ile sarafu ya gramu 9.

Boksi la pili lilikuwa na risasi zenye pua bapa, ala nene ya shaba, na metali ya risasi ikichungulia kidogo tu mbele. Huanza kufunguka taratibu, hufika milimita 14 au 15, haziendelei. Kwa hesabu ya bahasha hatua yake ya nusu ni kama sentimita 13. Ni mapatano: si nyembamba kama ya mzee, si fupi kama ya kwanza. Nguvu iliyoandikwa kwenye maboksi ni ileile, herufi kwa herufi.

Jibu langu lilikuwa la pili, na mzee akaitikia kwa kichwa, huku akiongeza kwamba angependa zaidi zake. Ubishi wetu uliishia kwenye kilima. Risasi inayopita ina mahali inapokwenda baadaye, kwa hiyo yeye hapigi mnyama aliyesimama juu ya mgongo wa kilima na anga nyuma yake. Pia inaacha matundu mawili. Tundu la kuingilia mara nyingi huwa juu ubavuni, kwani watu hupiga kutoka juu ya mti, na damu hubaki ndani ya kifua kama maji kwenye mtungi. Tundu la kutokea, chini upande wa pili, ndilo linaloandika njia kwenye majani makavu.

Nilidhani tumemaliza. Mama akapiga simu kutoka Tanga, akasikia habari yote, na swali lake lilikuwa: nyama hiyo ni halali? Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Hadithi ya Adi bin Hatim inazungumzia mi'radi, fimbo ya kuwindia yenye ncha: ikipenya, kula; ikigonga kwa ubavu wake ikaua, usile. Wanazuoni walipoletewa bunduki walihitilafiana juu ya jambo hilohilo. Risasi haina makali. Je, inapenya au inaponda? Wengi wa zama hizi wamesema inapenya, jina la Mungu likitajwa wakati wa kupiga. Miaka mingi nimefundisha eneo la uso wa kitu na upinzani wa majimaji, na sikuwahi kufikiri kwamba fimbo ya ncha na fimbo ya ubavu ni somo lilelile.

Aliyeamua mwishowe hakuwa mimi wala mzee. Dada aliuliza zile gramu 6 na nusu ambazo ile sarafu ilipoteza ziliishia wapi.

Ziliishia kwenye nyama. Metali ya risasi ni sumu ya ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo sana, na chembe zake huwa ndogo kuliko zinavyoonekana au kuhisika menoni. Risasi za bunduki ndefu, kwa kasi yake, huzimwaga nyingi. Za bastola chache zaidi, na za kusubu zilizo ngumu hazimwagi karibu chochote zisipogonga mfupa. Anayekula matumbo yaliyoachwa porini hula pia kilichomo. Kondori wa California, ndege mkubwa wa mizoga, walibaki 22 tu mwaka 1982, na sumu ya metali hii ilikuwa na bado ni miongoni mwa wauaji wao wakuu. Tangu tarehe 1 Julai 2019 California hairuhusu kuwinda kwa risasi zenye metali ya risasi. Ohio inaruhusu.

"Kuna za shaba tupu?" dada akauliza.

Zipo, na zina hesabu yake. Shaba ni nyepesi kuliko metali ya risasi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 9 badala ya 11.3. Kwa uzito uleule risasi ya shaba huwa ndefu kwa robo na zaidi, na ganda la bastola halina nafasi ya kuimeza, kwa hiyo hutengenezwa nyepesi kidogo. Wasiwasi wangu wa kwanza ulikuwa huo, kwa sababu nimetumia kurasa zote hizi nikiusifu uzito. Lakini shaba haivunjiki. Kishimo chake huchongwa mikato ili ifunguke petali nne au sita, kati ya petali na petali pana nafasi, na gramu ilizoingia nazo ndizo inazotoka nazo. Ile ya gramu 15.6 iliyobaki na 9 ilikuwa nyepesi kuliko hii tangu ilipogusa bega.

Jumamosi shemeji na mzee walikwenda kwenye uwanja wa shabaha na boksi la tatu, la shaba tupu. Shemeji alirudi na kiganja chekundu. Bastola ya kilo 1.4 hurudi nyuma kwa zaidi ya mita 5 kwa sekunde, na mtu aliyeogopa mkono wake hufumba macho kabla ya mlio. Mzee alimpa sharti moja: risasi tano mfululizo ndani ya sahani ya chai, na umbali wa mwisho anaoweza kufanya hivyo ndio umbali wake wa kuwindia, hata kama ni hatua kumi. Ulikuwa mita 35.

Jumatano usiku, mimi nikiwa nimekwisha kurudi Dar es Salaam, zilinifikia picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa ya ubavu wa kushoto wa ayala jike, na kidole cha shemeji kikionyesha tundu dogo nyuma ya bega. Ya pili ilikuwa ya ubavu wa kulia, tundu kubwa kiasi cha sarafu ya shilingi mia mbili, na majani ya mwaloni yamenata damu. Chini yake aliandika kwamba ayala alikimbia hatua sitini, na kwamba mzee alipekua udongo wa kilima kwa kisu kwa nusu saa nzima, kisha akalifunga kopo lake bila kuongeza risasi akarudi nalo nyumbani.